Asili na Kazi katika Njia ya Misafara ya Tabora: Mipaka Iliyowekwa na Mipaka Iliyovukwa, 1850–1963

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana kwamba katika njia ya misafara iliyopita Tabora kila jamii ilikuwa na kazi yake: Mnyamwezi alikuwa mpagazi, Mwarabu alikuwa tajiri, Mmanyema alikuwa mtumwa, na mtemi alitawala kwa kuzaliwa. Kwa kufuatilia majina ya jamii, hadhi za watu na maisha ya baadhi ya wahusika wa karne ya 19, makala yanadai kuwa mipaka baina ya asili na kazi ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ya maumbile. Kila mpaka uliwekwa na mtu au dola iliyonufaika nao, na ulidumu kwa kadiri mwenyewe alivyoweza kuulinda. Aidha, makala yanaonesha kuwa mipaka hiyo ilikuwa migumu zaidi chini ya ukoloni kuliko wakati wa misafara yenyewe.

1.0 Utangulizi

Historia ya Tabora husimuliwa mara nyingi kwa sentensi fupi fupi. Husemwa kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi, Waarabu walikuwa wafanyabiashara, na watu wa Manyema waliletwa kama watumwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Sentensi hizo hazisemi uongo mtupu. Tatizo lake ni kwamba huyageuza yale ambayo watu walifanya katika kipindi fulani, kwa sababu fulani, kuwa sifa ya kudumu ya asili yao. Msomaji huondoka akiamini kuwa kubeba mzigo kulikuwa katika damu ya Mnyamwezi kama vile kuruka kulivyo katika maumbile ya ndege.

Swali la iwapo asili ya mtu iamue kazi yake limeibuka pia mahali pasipotarajiwa na wanahistoria, yaani katika utunzi wa michezo ya kidhahania. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulimtaka mchezaji achague jamii ya mhusika wake na kazi yake, lakini haukuruhusu kila jamii ifanye kila kazi. Aliyechagua kuwa mmoja wa viumbe wafupi wa milimani, wanaojulikana katika hadithi za Ulaya ya kaskazini, aliweza kuwa mpiganaji tu; uchawi ulikuwa umefungwa kwake. Mipaka hiyo iliondolewa katika toleo la tatu la mwaka 2000. Wanaoitetea hueleza kuwa dunia ya kubuni hupata uhalisi pale ambapo si kila jambo linawezekana. Wanaoipinga hueleza kuwa hugeuza kuzaliwa kuwa hatima. Hoja ya kwanza, hasa, huegemea dhana kuhusu jamii halisi za kale: kwamba hapo zamani kila mtu alizaliwa na kazi yake.

Tabora ni mahali pafaapo kuijaribu dhana hiyo. Katika karne ya 19 watu wa asili nyingi walikutana hapo kwa sababu ya kazi, na si kwa sababu nyingine. Mjadala unaofuata unaanza na jina la Wanyamwezi wenyewe, unaendelea na hadhi ya uungwana, kisha unatazama watu waliovuka mipaka ya utawala na biashara. Baadaye unajadili mipaka iliyouma zaidi, yaani utumwa na jinsia, na kuhitimisha kwa kuonesha jinsi sheria za kikoloni zilivyokaza kile ambacho misafara ilikuwa imekilegeza.

2.0 Jina na Mzigo: Mnyamwezi Kama Mpagazi

Jina "Wanyamwezi" halikuanzia Unyamwezi. Ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa wageni waliotoka magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Huko kwao, watu hao walijitambulisha kwa utemi waliomo: walikuwa Wanyanyembe, Wagalaganza, Wasumbwa na wengineo, kila kundi na mtemi wake. Kwa hiyo mtu aliweza kuondoka nyumbani akiwa Mnyanyembe na kufika Bagamoyo akiwa Mnyamwezi. Jina alilipata njiani, na alilipata kwa kuwa alikuja na mzigo.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba mzigo wenyewe ulikuwa wake. Andrew Roberts, katika uchunguzi wake wa biashara ya Wanyamwezi uliochapishwa mwaka 1970, ameonesha kuwa misafara ya kutoka bara ilikuwa ikifika pwani kufikia mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu na Waswahili hawajaweka makazi Unyanyembe. Misafara hiyo ilijengwa juu ya biashara ya ndani iliyokuwa kongwe zaidi: chumvi ya Uvinza, majembe ya wahunzi wa kaskazini-magharibi, na shaba ya Katanga. Aliyebeba pembe mabegani alikuwa pia mwenye pembe, au ndugu wa mwenye pembe. Katika hatua hii hakukuwa na mstari uliotenganisha mpagazi na mfanyabiashara. Ilikuwa kazi moja yenye sehemu mbili.

Mstari huo ulichorwa baadaye. Katika miaka ya 1850 makazi ya wafanyabiashara yaliyoitwa Kazeh, ndani ya Unyanyembe, yalikwisha kuwa kituo kikuu cha njia. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuwasili hapo tarehe 7 Novemba, wakakaribishwa na Snay bin Amir, tajiri mwenye asili ya Oman. Wakati huo mtaji wa pwani, uliotolewa kwa mkopo na matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, ulikuwa umeingia barani kwa nguvu. Mwenye nguo, shanga na bunduki za mkopo alihitaji mabega ya kuajiri, na Unyamwezi ulikuwa na watu wenye uzoefu wa safari kuliko eneo lolote jingine katika njia hiyo. Upagazi wa ujira ukakua. Ilikuwa ni nafasi katika biashara iliyozaa kazi hiyo, na nafasi hiyo ilitokana na mikopo, bei na kalenda ya kilimo. Mpagazi wa Kinyamwezi alipendelea kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua za kupandia. Tajiri aliyetaka kusafiri nje ya msimu alijikuta hana watu.

Burton alieleza kuwa kwa Wanyamwezi safari ya kubeba mzigo ilikuwa kipimo cha uanaume. Maelezo hayo yamerudiwa na wengi kama ushahidi kwamba watu hao walizaliwa wapagazi. Yakisomwa kwa makini, yanathibitisha kinyume chake. Jambo linalohitaji kupimwa si jambo la kuzaliwa nalo. Kijana aliyesafiri alirudi na heshima, nguo na uwezo wa kulipa mahari, aliyebaki alichekwa. Hiyo ni taasisi ya kijamii yenye thawabu na aibu zake, sawa na jando au uaskari. Stephen Rockel (2006) ameonesha kwa mapana kuwa wapagazi hao walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, waliojua thamani ya kazi yao. Walijadiliana ujira na posho, waligoma pale masharti yalipokiukwa, na waliwafuata viongozi waliowachagua kwa ustadi wao wa njia. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa ratili 60 hadi 70. Wanyamwezi waliubeba begani, ilhali watu wa pwani waliubeba kichwani. Tofauti hiyo ya mwili, ambayo wasafiri wa Ulaya waliiona kama alama ya kabila, ilikuwa tofauti ya mafunzo.

3.0 Hadhi Iliyosafiri: Mwungwana na Mtumwa

Pembeni mwa Wanyamwezi, kundi la pili la wafanyakazi wa njia liliitwa waungwana. Historia ya neno hili inaonesha jinsi hadhi ilivyoweza kubadilika kwa kutembea tu. Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru mwenye nasaba, nyumba ya mawe na mwenendo wa kistaarabu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Barani, neno lilipanuka. Mwungwana akawa mtu yeyote aliyetoka pwani, aliyevaa kanzu, aliyesema Kiswahili na kujihesabu Mwislamu. Wengi wa waliojiita hivyo walikuwa watumwa waliopewa ruhusa na mabwana zao kwenda safari na kugawana nao ujira. Mtu aliyekuwa mtumwa Zanzibar alikuwa mwungwana Tabora, na alirudi kuwa mtumwa aliposhuka Bagamoyo.

Itakuwa kosa kuona jambo hili kama udanganyifu wa watu wanyonge waliojipa sifa zisizo zao. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu miji ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, amejadili kwa kina jinsi watumwa na wageni walivyopigania kutambuliwa kuwa raia wa miji hiyo kwa kushiriki sherehe, dini na biashara zake. Njia ya misafara ilikuwa uwanja mmojawapo wa mapambano hayo. Faida yake kwa mtumwa ilikuwa umbali. Bwana aliyekuwa mbali kwa miezi mingi hakuweza kumwambia kila siku yeye ni nani.

Maisha ya Sidi Mubarak Bombay yanaonesha mapana ya njia hiyo. Alizaliwa Uyao, akakamatwa utotoni na kuuzwa, akapelekwa India, na huko akapata uhuru bwana wake alipofariki. Aliporudi Afrika Mashariki alitumikia kama askari wa sultani wa Zanzibar, na mwaka 1857 akajiunga na msafara wa Burton na Speke. Baadaye aliongoza watu katika msafara wa Henry Stanley, kisha katika safari ya Verney Lovett Cameron iliyovuka bara kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki kati ya 1873 na 1875. Yao, mtumwa, askari, mkalimani, mnyapara: kila jina kati ya haya lilimfaa kwa wakati wake. Mwandishi wa kanuni za mchezo angepata taabu kumweka Bombay katika safu moja.

4.0 Utemi, Biashara na Nasaba

Kama kuna kazi iliyodhaniwa kufungwa kabisa na kuzaliwa, ni utemi. Hata hivyo, nusu ya pili ya karne ya 19 katika njia ya Tabora ilijaa watu walioupata utemi au kuukuza kwa njia nyingine.

Mirambo alikuwa wa ukoo wa utawala, lakini wa utemi mdogo wa Uyowa. Kwa nasaba peke yake angebaki mtawala wa vijiji vichache. Alichokiongeza ni jeshi la ruga-ruga, vijana waliokusanywa kutoka asili mbalimbali, wakiwemo mateka na waliotoroka kwao, pamoja na mbinu za kivita zilizoletwa na Wangoni. Kilichomtambulisha ruga-ruga ni silaha, mavazi na utii wake kwa kiongozi. Haikuulizwa mama yake alikuwa wa utemi upi. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji kwa Waarabu wa Tabora, akaushambulia mji wao na kuwaua baadhi ya viongozi wao, akiwemo Khamis bin Abdullah. Stanley, aliyepigana upande wa Waarabu mwaka huo, alimwita jambazi. Walipokutana ana kwa ana mwaka 1876, wakachanjiana udugu wa damu, alishangaa kumkuta mtu mtulivu na mpole wa maneno. Mshangao huo ulikuwa wa Stanley, aliyekuwa amekwisha kumpangia Mirambo nafasi moja katika hadithi yake.

Mfano wa Msiri unakwenda mbali zaidi. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyekwenda Katanga kutafuta shaba na pembe. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1850 alihamia huko, na kwa biashara, ndoa na bunduki akajenga dola yenye makao makuu Bunkeya. Alitawala hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na mjumbe wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Watu wake walijulikana kama Wayeke. Jina hilo linatokana na chama cha wawindaji wa tembo cha Unyamwezi. Hapa mpangilio uliozoeleka umepinduka kabisa: badala ya kabila kuamua kazi, jina la kazi limekuwa jina la kabila, na hadi leo liko katika ramani ya jamii za kusini mwa Kongo.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, ni shahidi wa tatu, na ushahidi wake ameutoa mwenyewe kwa Kiswahili. Katika maisha yake, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza kuwa baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa ameoa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimpa mfanyabiashara wa pwani ukwe na utemi, na manufaa yote yaliyoambatana nao. Anaeleza pia, bila haya, jinsi alivyopata utawala wa Utetela: alimshawishi mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwamba babu yake aliwahi kumwoa binti wa nyumba hiyo aliyetekwa zamani. Mzee alimpokea kama mjukuu na kumwachia nchi. Kisa hiki hakithibitishi kuwa nasaba haikuwa na maana. Kinathibitisha kuwa ilikuwa na maana kubwa kiasi kwamba mtu asiyekuwa nayo aliona inafaa kuitunga. Mpaka ulikuwepo, lakini mlango wake ulikuwa simulizi, na mwenye simulizi nzuri pamoja na bunduki za kutosha aliingia.

5.0 Mipaka Iliyouma

Mifano iliyotolewa inaweza kumpotosha msomaji adhani kuwa njia ya misafara ilikuwa uwanja huru ambako kila mtu alijichagulia kazi. Haikuwa hivyo. Kwa kila Bombay mmoja walikuwepo maelfu waliokufa njiani au mashambani bila jina lao kuandikwa popote.

Utumwa ndio uliokuwa mpaka mkali kuliko yote. Kwa sheria iliyofuatwa pwani, mali ya mtumwa ilikuwa chini ya mamlaka ya bwana wake, hata kama mtumwa huyo aliongoza msafara na kumiliki pembe. Ndani ya Unyamwezi kwenyewe, wapagazi na wafanyabiashara waliofanikiwa walinunua watumwa, wengi wao kutoka Manyema, walime mashamba wakati wenyewe wako safarini. Jan-Georg Deutsch (2006) amefuatilia jinsi utumwa huo ulivyoendelea na kudhoofika polepole chini ya utawala wa Wajerumani bila kufutwa rasmi. Kwa hiyo uhuru wa Mnyamwezi wa kusafiri ulisimama, kwa sehemu, juu ya mtu mwingine aliyezuiwa kusafiri. Hakuna maelezo ya maumbile yanayohitajika hapa. Mmanyema hakuwa mtumwa kwa kuwa Mmanyema. Alikuwa mtumwa kwa kuwa alitekwa mbali na ndugu zake, akaletwa mahali ambako hapakuwa na mtu wa kumdai.

Ushahidi wa jambo hilo ni kwamba pale nguvu zilipohama, hadhi nayo ilihama. Ngongo Lutete alitekwa akiwa mtoto katika Kongo ya mashariki, akakulia chini ya watu wa Tippu Tip, na akawa mmoja wa mabwana wa vita waliotisha zaidi katika eneo hilo, hadi alipouawa kwa hukumu ya maofisa wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Huko Tabora na Ujiji, jina la Manyema, lililokuwa alama ya mateka, liligeuka polepole kuwa jina la wenyeji wa mjini, wenye mitaa, biashara na fahari zao.

Jinsia ilikuwa mpaka wa pili. Picha ya msafara iliyozoeleka ni ya wanaume watupu. Rockel ameonesha kuwa wanawake walikuwemo katika misafara mingi: wake wa wapagazi waliobeba vyombo, chakula na watoto, na wengine waliobeba mizigo ya ujira. Kazi yao haikuandikwa katika hesabu za tajiri kwa sababu haikulipwa kwa jina lao. Hapo mpaka haukuzuia kazi isifanyike, bali ulizuia isihesabiwe. Katika utawala hali ilikuwa tofauti kidogo. Speke, alipokuwa safarini kutoka Kazeh kuelekea Nyanza mwaka 1858, alipokelewa na mtawala mwanamke aitwaye Ungugu. Na baada ya mtemi Isike kujilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani, aliyewekwa kutawala Unyanyembe alikuwa Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utemi. Kwa hiyo mwanamke aliweza kuwa mtawala wa nchi ambayo wapagazi wake wa kike hawakutambuliwa kuwa wapagazi.

6.0 Kutoka Desturi hadi Sheria

Kilichobadilika chini ya ukoloni si kuwepo kwa mipaka, bali uwezo wa kuilinda. Tajiri wa Kazeh hakuwa na dola ya kumlazimisha Mnyamwezi abebe mzigo msimu wa kupanda. Serikali ya kikoloni ilikuwa nayo.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukapoteza soko lake. Kwa mantiki ya maumbile, Wanyamwezi walipaswa kubaki bila kazi. Badala yake walionekana katika mashamba ya mkonge, katika ujenzi wa reli yenyewe na katika jeshi. Vita Kuu vya kwanza vilipofika, upagazi ulirudi, lakini kwa sura nyingine. Wanaume walikamatwa kwa nguvu na majeshi ya pande zote, wakabebeshwa mizigo mbali na kwao, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Ubelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Bega lilikuwa lile lile na mzigo ulikuwa ule ule. Kazi iliyokuwa kipimo cha uanaume miaka 60 kabla ilikuwa sasa adhabu. Kama maana ya kazi ingetokana na asili ya mbebaji, isingebadilika kiasi hicho katika vizazi viwili.

Waingereza waliendeleza jambo hili kwa kalamu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilijengwa juu ya imani kwamba kila Mwafrika ana kabila lake, na kila kabila lina chifu wake wa kuzaliwa. John Iliffe (1979) amejadili jinsi imani hiyo ilivyoziumba jamii zenyewe, kwa kuwa watu walijifunza kujipanga katika makabila ili wasikike serikalini. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tabora katika miaka ya 1920 ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, ili mtawala wa kuzaliwa awe pia mtawala wa kusoma. Julius Nyerere, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki, aliingia shuleni hapo mwaka 1937, na kwa upande wake mpango ulionekana kutimia. Lakini shule hiyo ilimsomesha pia Rashidi Kawawa, mtoto wa mwindaji wa tembo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Mlango uliojengwa kwa ajili ya wachache haukuweza kufungwa kwa wengine pindi walimu na vitabu vilipokwisha kuwa ndani.

Mpaka wa mwisho ulioletwa Tabora ulikuwa wa rangi. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia. Mpiga kura, ambaye alipaswa kwanza kutimiza sharti la kipato, elimu au wadhifa, alilazimika kuwapigia wote watatu, ama kura yake iharibike. Hii ilikuwa kanuni ya asili na nafasi iliyoandikwa waziwazi kuliko yoyote iliyotangulia. Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uligawanyika vikali juu yake. Waliotaka kuisusia waliona kuwa kushiriki ni kuikubali. Nyerere alishawishi mkutano uingie uchaguzini, na hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. TANU iliunga mkono wagombea katika viti vya rangi zote tatu na kuvitwaa, na kanuni iliyotungwa kuwagawa wapiga kura ikatumika kumaliza utawala ulioitunga. Utemi nao, kama cheo cha serikali, ulifutwa mwaka 1963. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alikuwa wakati wa uhuru ameshakuwa waziri, yaani mtawala kwa njia ambayo haikuuliza nasaba yake.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kuwa dhana ya kila asili na kazi yake haiungwi mkono na historia ya Tabora, na pia kwamba kinyume chake, yaani dhana ya kila mtu kuwa huru kufanya lolote, haiungwi mkono vilevile. Mipaka ilikuwepo na iliumiza. Lakini kila mmoja wao ulikuwa na mwenyewe. Mpaka baina ya mpagazi na tajiri ulilindwa na mkopo wa pwani. Mpaka wa utumwa ulilindwa na umbali wa mateka na ndugu zake. Mpaka wa mwanamke msafiri ulilindwa na kitabu cha hesabu. Mpaka wa rangi ulilindwa na karatasi ya kura. Mwenyewe alipodhoofika, mpaka ulivukwa, na waliouvuka walipata majina mapya ambayo watoto wao waliyarithi kana kwamba yalikuwepo tangu zamani.

Kwa mtunzi wa dunia ya kubuni, matokeo haya yanatoa jibu lisiloegemea upande mmoja. Kanuni inayomzuia mhusika wa jamii fulani asifanye kazi fulani inaweza kuwa na uhalisi, mradi hadithi iseme ni nani anayemzuia, kwa faida gani, na kwa nguvu ipi. Isiposema, imerudia kosa la wasafiri wa karne ya 19 waliotazama bega la mpagazi na kudhani wameona damu yake.

Kwa mwalimu wa historia, jambo ni la haraka zaidi. Mtoto wa Tabora anayejifunza kuwa mababu zake "walikuwa wapagazi" anafundishwa ukweli uliokatwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba walikuwa wenye pembe, wachimba chumvi, wahunzi, wawindaji, wagomaji, viongozi wa njia, waanzilishi wa dola na wanunuzi wa watu. Orodha hiyo haina fahari yote wala haina aibu yote, na kwa sababu hiyo inafanana na historia ya binadamu. Utafiti zaidi unapendekezwa juu ya wanawake wa misafara na juu ya wazao wa Manyema wa Tabora na Ujiji, kwa kuwa makundi hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa kidogo zaidi na wale waliokuwa na uwezo wa kuandika.